Je, milima ya mbali hupakwa buluu kwa urembo tu?

Wengi huamini kwamba mchoraji anayepaka milima ya mbali rangi ya buluu anaipamba tu, maana misitu yake ni ya kijani. Imani hiyo inaeleweka: kumbukumbu hututunzia mahali kwa rangi tulizoziona tukiwa karibu. Lakini hewa iliyo kati yetu na mlima hutawanya mwanga, na ule wa buluu hutawanyika zaidi kuliko mwekundu. Ndiyo maana vivuli vyeusi vya mbali huonekana samawati iliyofifia.

Jaribu mwenyewe siku isiyo na mawingu. Toboa tundu dogo kwenye karatasi nyeupe, nyoosha mkono, fumba jicho moja, uchungulie jani la karibu, kisha mlima. Kile kijani ulichokitarajia mlimani hutakiona.