Mtoto na Farasi Mchanga Hawakui Pamoja

Jumamosi iliyopita, kabla sijamaliza kugawa matandiko ya darasa la asubuhi, mama mmoja alinivuta kando akanionyesha picha kwenye simu. Farasi mwekundu, mguu mmoja mweupe, amestaafu mbio pale uwanja wa Ngong, umri miaka 4, bei ya kuvutia. Binti yake ana miaka 11 na amejifunza kwangu kwa miezi 7. "Mwalimu, si ni vizuri wakikua pamoja? Samaki mkunje angali mbichi."

Ni mzazi wa tano kuniambia hivyo tangu mwaka uanze, na wa pili kutumia methali hiyohiyo. Nimefundisha kupanda farasi hapa Karen, Nairobi, kwa miaka 16, na hakuna dhana iliyonipeleka hospitalini na watoto wa watu mara nyingi kuliko hii. Kwa hiyo leo naijibu kwa urefu, na dhana nyingine potofu ninazozisikia nitazigusa tu.

Methali ni ya kweli, lakini inamhitaji mkunjaji. Samaki mbichi hakunjwi na samaki mbichi mwenzake. Farasi wa miaka 4 hajui kitu, na kila dakika anauliza: nikisukumwa na mguu huu niende wapi? Nikivutwa hatamu nisimame au niegemee? Lile gunia pale ukutani litanila? Kila swali linataka jibu lilelile, kwa nguvu ileile, kila siku. Sasa mweke juu yake mtoto ambaye akiyumba kidogo anashikilia hatamu ili asianguke. Mara ya kwanza farasi anaumia mdomo bila kosa. Mara ya ishirini ameshajifunza kwamba mkono wa mtu ni kitu cha kukimbia. Mtoto hakukusudia, farasi hakukusudia, na wote wawili wameharibikiwa.

Farasi wa mbio ana jambo la ziada ambalo wauzaji hawalitaji. Yeye si mbichi, amekwisha kukunjwa, ila kwa kazi nyingine kabisa. Huanza mazoezi akiwa na miaka 2, na hufundishwa kuegemea lijamu, kile chuma cha mdomoni, na kuvuta mbele. Joki, yaani mpandaji wa mbio, akikaza hatamu, kwa farasi hiyo ni ishara ya kujikita na kukimbia. Hajazoea miguu mirefu ya mpandaji ikimgusa mbavuni, kwa sababu joki hukaa juu, vikuku vya kukanyagia miguu vifupi, magoti karibu na mabega ya farasi. Wengi wao hawajawahi kusimama tuli wakapandwa kutoka kwenye kigoda. Joki hurushwa juu huku farasi akitembea. Sasa mtoto wako anaogopa, anavuta hatamu kwa nguvu zake zote, anabana miguu. Kwa lugha ya mtoto hiyo ni "simama". Kwa lugha ya farasi yule ni "twende".

Siwachukii farasi wa mbio. Nusu ya farasi niliowapenda maishani walitoka mbioni, na wakipata mtu mzima mwenye mkono mtulivu na mwaka mmoja wa subira, huwa farasi wa ajabu. Ninachokataa ni kumkabidhi mtoto kazi hiyo.

Halafu kuna mwili wenyewe. Fungua mdomo wa farasi wa miaka 4 uone: meno ya mbele ya katikati yamebadilika akiwa na miaka 2 na nusu hivi, yanayofuata miaka 3 na nusu, ya pembeni bado ni ya utotoni mpaka miaka 4 na nusu. Meno ya mbele ya kudumu hutimia akifika miaka 5. Mifupa nayo hukomaa kuanzia kwatoni kwenda juu, na ya mwisho kabisa ni ile ya uti wa mgongo, palepale unapoweka tandiko. Hiyo hufunga kati ya miaka 5 na 6. Kwa hiyo unamnunulia mtoto wako mtoto mwingine, mwenye uzito wa kilo 450.

Miaka 6 iliyopita nilimwambia mzazi mmoja maneno haya kwa sauti ya chini, kwa heshima, kama ushauri tu. Akanunua jike wa miaka 4. Wiki ya tatu, upepo wa Agosti ukainua gunia tupu la pumba kando ya uwanja. Jike akageuka ghafla kulia, msichana akaendelea kushoto. Ninachokikumbuka ni jinsi alivyoketi kwenye vumbi, mkono wa kulia umeukumbatia wa kushoto kwenye kiwiko, murramu imejaa kwenye tundu za helmeti, akiniuliza kama farasi ameumia. Mtulinga, ule mfupa wa juu ya kifua, ulikuwa umevunjika. Mfupa ulipona ndani ya wiki 6. Msichana hakurudi kupanda tena mpaka leo, na jike yule ameuzwa mara mbili tangu hapo, kila mara kwa jina la "mkorofi". Tangu siku ile sisemi kwa sauti ya chini.

Mpandaji anayeanza anahitaji farasi anayejua. Mimi huanzia miaka 12 na kuendelea, na kama ni wa mtoto, 15 au 17 inanifurahisha zaidi. Wazazi hukunja uso: "Si atakufa kesho?" Farasi anayetunzwa huishi miaka 25 hadi 30, na wengi hufanya kazi nyepesi wakiwa wamepita 20. Kwenye Olimpiki farasi wa kuruka vizuizi haruhusiwi kabla ya kutimiza miaka 9. Big Star, aliyempa Nick Skelton wa Uingereza dhahabu kule Rio mwaka 2016, alikuwa na miaka 13. Ikiwa mabingwa wa dunia wanamngoja farasi akomae, mtoto wa miezi 7 ya mazoezi anaharakia nini?

Nina maksai mmoja zizini, yaani farasi dume aliyehasiwa, mweupe, wazazi wengi humpita bila kumtazama. Ukimwinua mdomo wa juu, kwenye jino la pembeni utaona mfereji mwembamba wa rangi ya chai. Mfereji huo hujitokeza kwenye ufizi farasi akikaribia miaka 10, ukifika katikati ya jino ni kama 15, ukifika chini kabisa ni 20 hivi. Si saa ya ukutani, lakini unasaidia kumkamata muuzaji anayepunguza umri. Wa huyu umebakiza ukucha mmoja kufika chini. Sasa mtazame akiwa kwenye troti, mwendo wa kukimbia taratibu, na mtoto mgongoni. Mtoto akianza kuteleza kushoto, mzee huyu hupunguza mwendo, husogea kushoto hatua moja, akaweka mgongo wake chini ya yule mtoto, kisha anaendelea. Hakuna aliyemfundisha hivyo. Amebeba mamia ya watoto, akajifunza mwenyewe.

Hizo nyingine, haraka.

"Ukianguka, panda tena papo hapo, la sivyo woga utakaa." Hapana. Ukianguka, kwanza kaa chini. Mwili ulioshtuka huficha maumivu, na mtikisiko wa ubongo unaweza kuonyesha dalili baada ya saa kadhaa: kichwa kuuma, kutapika, kusinzia, kuuliza swali lilelile mara tatu. Ubongo uliotikisika ukipigwa tena kabla haujapona, madhara huwa makubwa zaidi. Ndiyo maana kwenye mashindano ya kimataifa ya kuruka vizuizi, mpandaji akianguka mara moja huondolewa kwenye shindano hilo. Huyo Skelton niliyemtaja alivunjika shingo mwaka 2000, akaacha kupanda, akarejea 2002 baada ya daktari kumruhusu, na ile dhahabu ya Rio, ya mpandaji mmoja mmoja, aliipata akiwa na miaka 58. Woga haukukaa. Kwangu, aliyegonga kichwa hapandi siku hiyo, hata alie. Aliyeanguka kwenye mchanga akacheka, tunatembea naye dakika 10, namwuliza leo ni siku gani na farasi wake anaitwa nani, ndipo tunaamua. Akitaka kupanda, ni hatua za kawaida tu, nikiwa nimeshika kamba.

"Hawa farasi wa pwani hutembea tu, helmeti ya nini?" Nimewaona watu Diani na Zanzibar wamepanda wakiwa na kofia za jua. Courtney King-Dye, aliyeiwakilisha Marekani kwenye Olimpiki ya Beijing mwaka 2008, alikuwa kwenye mazoezi ya kawaida mwaka 2010, bila helmeti, farasi akajikwaa. Alikaa kwenye koma takriban mwezi mzima. Baadaye hata mashindano ya kimataifa ya dresaji, yale ya farasi kuonyesha miondoko, ambako kofia ndefu nyeusi ilikuwa fahari ya karne nzima, yalilazimisha helmeti kuanzia 2021. Mchanga wa pwani ukiwa umelowa ni mgumu kama barabara. Na helmeti iliyokwisha kugonga chini, hata kama haina ufa, ibadilishe. Povu la ndani limeshafanya kazi yake mara moja, halifanyi mara ya pili.

"Jikaze, usimwonyeshe farasi kwamba unaogopa." Huwezi kumficha. Anakusoma kwenye pumzi na misuli ya mapaja, wala si usoni. Watafiti wa Sweden waliwatembeza watu na farasi mara kadhaa kwenye njia fupi, kisha wakawaambia kwamba safari hii mwavuli utafunguliwa ghafla. Haukufunguliwa. Mapigo ya moyo ya watu yalipanda, na ya farasi pia, ingawa farasi hawakuambiwa kitu. Utafiti huo ulitoka 2009. Kwa hiyo sema, "Mwalimu, naogopa," kwa sauti, toa pumzi yote, nami nitapunguza mwendo. Mwanafunzi anayekaa kimya akiwa amejikaza kama mti ndiye ninayemhofia.

"Farasi aliyemwangusha mtu ana roho mbaya." Kabla ya roho, angalia mgongo, tandiko, meno, kwato. Pitisha viganja pande zote mbili za uti wa mgongo kwa nguvu kidogo, ukitazama masikio yake. Farasi anayeruka mateke kila akifungwa mshipi wa tandiko anakwambia mahali panapouma, kwa njia pekee aliyo nayo.

"Mimi mzito, nipe aliye mrefu." Urefu haubebi. Mgongo mfupi, kiuno kipana na mifupa minene ya miguu ndivyo vinavyobeba. Mimi na wenzangu wengi tunafuata kipimo cha asilimia 20: wewe pamoja na tandiko msizidi sehemu hiyo ya uzito wa farasi. Farasi wa kilo 450, basi kilo 90, tandiko ndani yake.

"Nimemjaribu mara moja, nimempenda, namchukua." Hii ndiyo inayowapoteza hata waliokubali yote niliyosema juu. Ukienda kumtazama farasi, fika nusu saa kabla ya muda mliopatana. Mwombe muuzaji asimtandike mpaka ufike, kisha mguse kifuani na mgongoni pale tandiko linapokaa. Ukikuta jasho limekauka, wamemchosha asubuhi ili umkute mpole. Taka kumwona akikamatwa kutoka malishoni, akifungwa, akiinuliwa kwato zote nne. Mwenye farasi apande kwanza. Akikataa kupanda farasi wake mwenyewe, asante, kwaheri. Kisha apande mwalimu wako, na mtoto wako awe wa mwisho.

Mtoe nje ya uwanja. Mpeleke peke yake mbali na wenzake mpaka asiwaone, usikilize kama atalia na kugeuka. Mpitishe pale bodaboda zinapopita. Rudi siku nyingine, saa tofauti, ikiwezekana siku ya upepo. Dai kitabu cha chanjo, hasa ya ule ugonjwa wa farasi unaoenezwa na visubi (African horse sickness), maana huku kwetu pundamilia hubeba virusi vyake bila kuumwa, na baada ya mvua kubwa visubi huongezeka. Lipa daktari wa mifugo asiyefanya kazi na muuzaji, umwombe achukue damu apime kama farasi alipewa dawa ya kumtuliza. Na masaisi, wale wanaotunza farasi bandani, tafadhali waulize masaisi. Saisi anayemlisha farasi huyo saa kumi na mbili asubuhi anajua kama anauma, kama huchechemea akitoka bandani, na kama mtoto wa mwisho aliyempanda alirudi. Msalimie, mpe muda, umuulize bosi akiwa mbali.

Muuzaji atakwambia kuna mteja mwingine anakuja saa kumi jioni na pesa taslimu. Mama wa Jumamosi aliambiwa hivyohivyo, akanipigia simu kutoka barabarani akiwa na haraka. Nilimwambia amwache mteja wa saa kumi amchukue farasi huyo, na Jumanne amlete binti, ampande yule mzee mweupe.