Mkopo wa nyumba: wewe umejiandaa, je nyumba yenyewe?

Watu wengi wanaokuja kwenye dawati letu la mikopo ya nyumba wanakuja na ile bahasha ya kaki, ndani kuna salari slipu za miezi mitatu, steitimenti ya benki, NIDA, TIN, barua ya mwajiri imegongwa muhuri, yaani mtu kajipanga kweli. Afu nauliza karatasi za nyumba anayotaka kununua, naambiwa "hizo anazo dalali". Mikopo mingi inafia hapo hapo, mtu hata chai hajamaliza.

Kitu ambacho watu hawaambiwi ni kwamba benki inapima vitu viwili, inakupima wewe na inaipima nyumba, na sa hivi ambapo benki zinakopesha kwa tahadhari, nyumba ndo inayofeli zaidi kuliko mtu. Mwezi uliopita walikuja mtu na mke wake, vipato vizuri tu, madeni hawana, na nyumba ya Goba wameshaipenda mpaka wamechagua rangi ya mapazia. Kishika uchumba wameshatoa milioni 5. Karatasi waliyonayo ni mauziano ya serikali ya mtaa, ina muhuri wa mwenyekiti na mashahidi wanne. Sawa, ile karatasi inaonyesha kuna mauziano yalifanyika, lakini sio hati miliki, na benki haiwezi kuisajili kama dhamana ya miaka 20. Leseni ya makazi nayo ni hivyo hivyo, ni ya muda mfupi, unaweza kupatia mkopo mdogo wa biashara lakini wa kununua nyumba ni ngumu sana. Tunachotaka ni hati, ile ya miaka 33, 66 au 99, na kama ni apatimenti basi hati ya sehemu yako kwenye jengo, hiyo ina sheria yake ya mwaka 2008. Wale wawili nikawaambia wamrudie muuzaji, kiwanja kipimwe, hati itoke, tuonane tena. Ile milioni 5 mpaka leo wanazungushwa kurudishiwa.

Kwahiyo kabla ya kutoa hata shilingi, omba kopi ya hati ukafanye sachi kwa msajili wa hati. Pale utajua jina la mwenye nyumba ni la huyo unayeongea naye au la marehemu baba yake, utajua kama kuna benki nyingine imeshaishika, kama kuna zuio. Na uliza habari ya mwenza. Sheria ya Ardhi inataka mume au mke aridhie nyumba ya familia ikiwekwa rehani, na sisi kwenye kuuza pia tunataka sahihi ya mwenza wa muuzaji, sasa ukisikia "mke wangu yupo Tanga hana neno", mwambie apande basi aje asaini, maana mke asiye na neno leo ndo anayekuja na wakili kesho.

Tuje kwenye bei, hapa wengi wanapigwa na butwaa. Muuzaji anataka milioni 150, wewe unajua benki inatoa asilimia 80 kwahiyo umetafuta milioni 30 yako umekaa nayo. Mthamini aliyesajiliwa anaenda, anapima, anaandika 120. Benki inaangalia ile ndogo, asilimia 80 ya 120 ni 96, ina maana sasa unatakiwa kuwa na milioni 54 mkononi sio 30. Muuzaji hashuki, anasema jirani kauza 160 (jirani ambaye hakuna mtu amewahi kuuona mkataba wake). Mimi nasema msimlaumu mthamini, amekuokoa. Halafu kuna wale wa "mimi nataka hela yangu neti", maana yake kodi ya ongezeko la mtaji, ambayo kisheria ni ya muuzaji, asilimia 10 ya faida yake, anataka uibebe wewe. Hilo mlimalize kwa maandishi mapema. Ushuru wa stempu, usajili, mthamini, mwanasheria, bima ya maisha na bima ya moto, hivyo vyote ni pembeni ya ule mchango wako, viwekee fungu.

Upande wako sasa. Tunaangalia makato yote ili mshahara ubaki angalau moja ya tatu, na hapo bodi ya mikopo ya elimu ya juu inakula asilimia 15 ya mshahara wa msingi kama hujamaliza kulipa, saccos inakula yake. Vile vimikopo vya kwenye simu unavyovisahau navyo vinaweza kuonekana kwenye taarifa zako za mikopo, kimoja cha elfu 40 kilichochelewa kinaweza kukufanya ujieleze nusu saa. Vimalize kabla hujaja. Mwenye biashara sio kwamba hatakiwi, ila hela ipite benki, ukiniambia unauza milioni 10 kwa mwezi halafu steitimenti inaonyesha laki 6 mimi nitaamini steitimenti.

Riba sokoni imekuwa inacheza kati ya asilimia 15 na 19. Kuna kijana aliniuliza kwa ukali kidogo, mbona Julai 2025 Benki Kuu ilishusha riba yake mpaka 5.75, nyie mnang'ang'ania 16 ya nini? Swali zuri. Ile ni riba elekezi, inaongoza mikopo ya siku chache ya benki kwa benki, mimi nakupa hela ya miaka 20 wakati mteja aliyeweka amana anaweza kuja kuitoa Ijumaa. Ndo maana 2010 ikaanzishwa TMRC, kampuni inayozipa benki fedha za muda mrefu kwa ajili ya nyumba, na imesaidia, miaka hiyo riba zilikuwa zaidi ya 20.

Sasa chukua kalkuleta. Milioni 80, asilimia 16, miaka 20, rejesho ni kama 1,113,000 kwa mwezi. Katika rejesho la kwanza, riba peke yake ni 1,066,000 na kitu, deni linapungua kwa elfu 46 tu, ndo maana watu wanalipa mwaka mzima wakiuliza salio wanadhani wameibiwa. Ukimaliza miaka 20 umetoa kama milioni 267. Mkopo huo huo kwa miaka 10 rejesho ni kama 1,340,000, umeongeza laki 2 na elfu 27 kwa mwezi, lakini jumla inakuwa kama milioni 161. Milioni 106 zimebaki kwako! Kama moja ya tatu inaruhusu chukua miaka michache, na kama hairuhusu, uliza kabla ya kusaini kama ukipata bonasi unaweza kupunguza deni bila faini, na kama riba inabadilika au imefungwa.

Jumanne kuna mama muuza vitenge Kariakoo alikuja na kopi ya hati ya nyumba ya Tabata, imekunjwa kwenye mfuko wa nailoni, hana salari slipu wala barua, akasema mwanangu nisomee hii kwanza. Tukamuelekeza akafanye sachi, ikarudi ina zuio la kesi ya mirathi. Kishika uchumba alikuwa hajatoa hata mia, akacheka, akasema basi dalali anitafutie nyingine.