Eti Malindi Iliuza Pwani

Wageni wakifika hapa Malindi kwenye Nguzo ya Vasco da Gama, yule baharia Mreno aliyepita hapa akielekea India, hasa wageni wa kutoka Mombasa, hawakosi kunitupia lile neno: "Nyinyi ndio mliomwonyesha Mreno njia." Nimelisikia hadi limenikinai.

Mwaka 1498 hapakuwa na dola moja ya Pwani ya kusalitiwa. Kila mji ulikuwa na mfalme wake, na Malindi na Mombasa zilikuwa mahasimu kabla Mreno hajaonekana. Mfalme wetu alitafuta wa kumtia nguvu dhidi ya hasimu wake. Na huo urafiki ulikuwaje? Da Gama alikuwa ameshapiga mizinga Msumbiji, na kati ya Mombasa na hapa akateka chombo na watu wake. Alipofika hapa Malindi alikataa kushuka pwani. Akaonana na mfalme majini, kila mtu na mashua yake. Rubani wa kumwongoza hadi India alipochelewa, akamshika mjumbe wa mfalme, hakumwachia hadi rubani alipoletwa. Hayo yamo katika shajara ya safari yake, si maneno yangu. Sifa za "Malindi mwaminifu" tumezipata kwa Wareno haohao, nasi tumezigeuza hati ya mashtaka bila kuuliza nani alikuwa akimsifu nani, na kwa faida gani.

Doa lipo. Mwaka 1528 watu wa Malindi walifuatana na kamanda wa Wareno, Nuno da Cunha, kuivamia Mombasa. Liandikwe, tena kwa wino mzito. Lakini wanaopenda kulitaja hunyamaza wakifika 1593, Wareno walipoanza kujenga ngome ya Fort Jesus Mombasa, wakahamia huko na biashara yao, Malindi ikadhoofika. Tena Yusuf bin Hassan, aliyewaua Wareno ndani ya ngome ileile mwaka 1631, alikuwa wa ukoo gani? Wa wafalme wa Malindi.

Kuhusu hadithi kwamba baharia Mwarabu Ibn Majid ndiye aliyekuwa rubani huyo, akaleweshwa akatoa siri ya bahari: hayo yaliandikwa Makka miongo mingi baadaye. Wareno wanamtaja rubani Mgujarati.

Nguzo yenyewe? Msalaba ndio wa Wareno. Mnara wa umbo la pia unaoushikilia ni wa baadaye.

Na wanaosema "damu yenu ndiyo hiyo" wajue mji huu uligeuka magofu, ukaja kukaliwa upya miaka ya 1860, zama za Sultani Majid wa Zanzibar. Wengi wetu wazee wetu walikuja baada ya hapo, wengine wakiwa watumwa wa mashamba. Hao nao walimwonyesha Mreno njia?