Daraja la Long Biên, Hanoi: yanayosemwa na yalivyo

"Lilijengwa na Gustave Eiffel."
Uvumi huu, unaomtaja mjenzi wa Mnara wa Eiffel wa Paris, haufi. Ajabu ni kwamba jibu limebandikwa darajani penyewe: kibao cha chuma kinataja 1899–1902 na wajenzi Daydé na Pillé wa Paris. Jina la kwanza lilikuwa Daraja la Doumer, kwa heshima ya Paul Doumer, gavana mkuu wa Indochina ya Wafaransa (koloni lililojumuisha Vietnam), aliyekuja kuwa rais wa Ufaransa.

"Chuma chote ni kile cha 1902."
Sehemu tu. Katika Vita vya Vietnam, ndege za Marekani zilianza kulipiga Agosti 1967. Likakarabatiwa, likapigwa tena, na Mei 1972 yakaja mabomu ya kuongozwa kwa leza. Kulitambua jeraha ni rahisi ukilitazama kutoka ubavuni: penye fremu ndefu zinazopanda na kushuka kama migongo ya ngamia, hapo ni kazi ya Wafaransa, penye boriti fupi, bapa, zisizo na kilele, fremu ya zamani iliangushwa na pakazibwa baada ya mabomu.

"Siku hizi ni kivutio cha watalii tu."
Treni bado zinapita. Njia ya reli ni moja, ya geji (upana kati ya vyuma viwili) ya mita 1, katikati ya daraja. Pembeni ni pikipiki, baiskeli na waenda kwa miguu, magari hayaruhusiwi. Kinachowaponza wageni ni upande: Vietnam huendesha kulia, lakini hapa pikipiki hupita kushoto. Ukiangalia upande uliouzoea mjini, pikipiki itakujia kutoka ule mwingine.

"Stesheni ya Long Biên ndiyo stesheni kuu ya Hanoi."
Siyo. Kuu ni Ga Hà Nội, barabara ya Lê Duẩn. Ga Long Biên ni stesheni ndogo kwenye kichwa cha daraja, juu ya usawa wa barabara, na reli inayoziunganisha hupita juu ya matao ya mawe ya mtaa wa Phùng Hưng. Ukienda Hai Phong, mji wa bandari, soma kwenye tikiti jina la stesheni ya kupandia, siyo saa peke yake.

"Ni refu kuliko mto unavyohitaji."
Mita 1,682 huonekana nyingi wakati wa kiangazi, maana chini yake kuna kisiwa cha mchanga, Bãi Giữa, chenye migomba na mahindi. Mvua zikikolea, Mto Mwekundu hupanda na kuyafunika mashamba hayo.