Urojo wa moto kwenye mfuko: maswali kuhusu vilainishi vya plastiki

Vilainishi ni kitu gani?
Ni kemikali zinazotiwa kwenye plastiki, hasa ya aina iitwayo PVC, ili iwe laini na ikunjike. Nyingi ni za jamii ya ftaleti, mojawapo DEHP. Hazikushikamana barabara na plastiki, kwa hivyo huhamia kwenye chakula, na zaidi kikiwa cha moto au cha mafuta.

Natiliwa urojo kwenye mfuko kila jioni. Nishadhurika?
Si lazima. Mifuko mingine haina ftaleti, na zinazoingia mwilini nyingi hutoka kwa mkojo ndani ya siku moja au mbili. Shida ni kuzila kila siku. DEHP huvuruga homoni, na anayeniogopesha zaidi ni mtoto aliye tumboni, hasa wa kiume. Mwaka 2019 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya iliweka kikomo cha mikrogramu 50 kwa kilo ya uzito kwa siku, kwa ftaleti nne pamoja. Kwa mama wa kilo 60 hizo ni miligramu 3 tu.

Nitazijua kwa ladha?
Hapana. Taiwan, mwaka 2011, iligundulika DEHP ilitiwa kwenye vinywaji badala ya mafuta ya mawese, na watu walikuwa wakivinywa bila kushtuka. Inahitajika maabara yenye mashine za gharama.

Nasikia kuna vihisio vinavyong'aa, yaani vipimo vidogo vya kugundua ftaleti kwenye chakula. Hufanyaje kazi?
Hapa ndipo penye matumaini. Watafiti huchukua chembe ndogo mno, mfano za kaboni, zinazong'aa zikimulikwa kwa taa ya urujuanimno. Huzivika utando uliofinyangwa kuizunguka molekuli ya ftaleti, kisha molekuli hiyo hutolewa, likabaki tundu la umbo lake, kama tende iliyotolewa kokwa. Ftaleti ya kwenye chakula ikiingia humo, mng'ao hufifia. Kwa vihisio vingine huzidi. Kadiri mng'ao unavyobadilika ndivyo kiasi kinavyojulikana.

Ila urojo una manjano, na manjano nayo hung'aa chini ya taa hiyo. Sampuli lazima isafishwe kwanza, la sivyo kipimo kitadanganya.

Chake Chake vinauzwa?
Usivitarajie dukani, kazi kubwa bado iko kwenye maabara za utafiti.

Basi nifanyeje?
Nenda na bakuli lako la chuma lenye kifuniko, umwambie muuzaji, "Nitilie humu." Na mafuta uliyokaangia bajia yaache yapoe kabisa kabla ya kuyamimina kwenye dumu, ukiwa na chupa ya kioo, bora zaidi.