Dhana potofu kuhusu "inshallah", "kesho" na "tutaona" za Mombasa

Mgeni akikaa Mombasa wiki mbili huondoka na tafsiri zake: inshallah ni hapana, kesho ni kamwe, karibu ni adabu tu. Akifika kwao huwapokeza wenzake, na kila anayezipokea hutujia akiwa ameshatushuku. Naona ni dhuluma. Maneno haya yana kanuni, na kanuni zake zinajifunzika.

Dhana: "Inshallah" ni njia ya kukataa

Katika Surat al-Kahf, aya ya 23 na ya 24, Mwislamu anaelekezwa asiseme juu ya jambo lolote "nitalifanya kesho" bila kuongeza kwamba Mungu akipenda. Ndiyo maana mtu aliyeshakata tiketi ya basi na kufunga begi bado atakwambia, "Kesho naenda Lamu inshallah." Safari yake haina shaka. Kuliacha neno hilo ndiko kungemfanya ajione amejigamba mbele ya Mola wake. Na si Waislamu peke yao. Kisauni na Likoni utawasikia Wakristo wakilitamka pia.

Sasa, ikiwa anayekuja na asiyekuja wote husema inshallah, neno lenyewe halikupi habari. Habari iko pembeni yake. Sikiliza kama limefuatwa na wakati, mahali au swali: "Inshallah, baada ya alasiri. Nikukute dukani ama nyumbani?" Huyo anakuja. Au limebaki peke yake, limerudiwa mara mbili, sauti inashuka na mkono umeshanyooshwa wa kuagana? Huyo hataweza, na ameona haya kukwambia usoni.

Wapo wanaojificha nyuma ya jina la Mungu ili wasilipe deni. Hilo nalichukia kuliko uongo wa wazi, kwa sababu linawachafulia jina wale wanaolisema kwa imani.

Dhana: "Baada ya magharibi" si saa

Ni saa, tena yenye mwanzo na mwisho. Mombasa iko takriban nyuzi 4 kusini mwa ikweta, kwa hiyo wakati wa jua kuzama hauhamihami sana: mwaka mzima ni baada ya saa kumi na mbili jioni na kabla ya saa moja. Adhana ikilia, mtu anaswali, kisha ana muda kabla ya isha kuadhiniwa. Akikwambia "baada ya magharibi" amekupa muda huo. Ukifika isha inaadhiniwa, aliyechelewa ni wewe.

Dhana: Fundi akisema "njoo kesho" anakudanganya

Ingia kwa fundi cherehani kumi la mwisho la Ramadhani. Vitambaa vimerundikana hadi chini ya meza, kila kimoja kinasubiri Idi, na fundi mwenyewe hajui ataifikia lini nguo yako. Akisema hataiwahi, anakupoteza wewe, mamako na shoga zako wote. Akisema kesho, anakuomba uzidi kumvumilia. Simtetei kwa yote, maana amepokea kazi zaidi ya mikono yake. Lakini nasi tunamuuliza swali bovu. "Itakuwa tayari lini?" humlazimisha aahidi kitu asichokijua.

Muulize, "Fundi, umeshakata?" Hilo lina jibu la kuonekana kwa macho. Ikiwa kitambaa bado kimekunjwa kama ulivyokileta, usipoteze nauli kesho. Ikiwa imebaki kola na vifungo, rudi bila wasiwasi. Kwa fundi wa gari uliza kama spea imeshapatikana. Kwa karani uliza faili liko meza ya nani sasa hivi. Ukiuliza kazi imefika wapi, huhitaji tena kupima ahadi ya mtu.

Dhana: "Karibu" ya chakula ni ya mdomo tu

Wengine huamini kinyume chake, kwamba kila karibu ni mwaliko wa kukaa. Karibu ya kwanza hupewa kila apitaye, na jibu lake ni "starehe" au "nashukuru, nimeshakula", hata kama una njaa. Ikija ya pili pamoja na kitendo, mtu akasogea mkekani, akaita maji ya kunawa, hiyo imetoka moyoni. Kuendelea kuikataa kunamuumiza mwenye chakula.

Dhana: Aliyejibu "salama" hana tatizo

Salamu kwetu hujibiwa kwa wema kwanza, hata na mwenye msiba nyumbani. Habari yenyewe huja baada ya "ila" au "lakini". Anayeuliza za nyumbani kisha akarukia shida yake kabla ya kuisubiri hiyo "ila", hajauliza kitu.

Dhana: Asiyesema "hapana" amekubali

Hii siwezi kuipita haraka, kwa sababu ndiyo inayoumiza watu.

Wazee wakipeleka posa, upande wa mke hauwezi kutamka "hapana" sebuleni mbele ya wageni waliowaletea heshima. Watajibu "tupeni nafasi tushauriane", au "mtoto bado anasoma". Jibu la kwanza linaweza kuwa kweli kabisa: shangazi hajaulizwa, wajomba hawajaulizwa, na binti mwenyewe bado. Utajua ni la kweli wakitaja nani ataleta jibu na lini. Lakini "bado anasoma", bila neno lolote la anamaliza lini, ni kukataa. Wazee hunyanyuka, wakaaga vizuri, na hakuna hata mmoja anayerudi nyumbani akidhani amekubaliwa.

Basi kijana anayeielewa lugha hiyo sebuleni atadai vipi kwamba haielewi msichana anapomwambia "labda siku nyingine", "nimechoka", "tutaona", au anaponyamaza akiangalia mlango? Mwaka 1999 watafiti wawili wa Uingereza, Celia Kitzinger na Hannah Frith, walionyesha kwamba watu hukataa kila siku bila kutamka "hapana". Husita, huusifu mwaliko, hutoa sababu, na wasikilizaji huelewa. Utafiti mwingine wa mwaka 2009, uliolinganisha lugha 10 za mabara mbalimbali, uliona kwamba majibu ya kukubali huja upesi kuliko ya kukataa. Kiswahili hakikuwamo, lakini aliyewahi kumwomba jirani mkopo anaijua ile "aaah" ndefu na kinachofuata.

Watakuja watu na hadithi ya Mtume kwamba idhini ya bikira ni kunyamaza kwake. Waisome yote. Inasema huombwa idhini. Kimya hicho ni jibu la swali aliloulizwa kuhusu ndoa yake, na hadithi hiyohiyo inasema mwanamke aliyewahi kuolewa ana haki zaidi juu ya nafsi yake. Haimpi mtu ruhusa ya kumgusa mwenzake eti kwa sababu hakupiga kelele. Sheria ya Makosa ya Ngono ya Kenya, ya mwaka 2006, inasema katika kifungu cha 42 kwamba mtu amekubali pale anapochagua mwenyewe, akiwa na uhuru na uwezo wa kuchagua. "Tutaona" si kuchagua.

Dhana: Kwenye simu maneno huwa wazi zaidi kwa kuwa yameandikwa

Yote niliyoyataja, sauti inayoshuka, kusita, mkono wa kuagana, hayaandikiki. Mwaka 2005 Justin Kruger, Nicholas Epley na wenzao nchini Marekani walichapisha jaribio ambalo watu waliandikiana barua pepe, nyingine za dhati na nyingine za kejeli. Waandishi walitarajia wasomaji wangepatia asilimia 78. Walipatia asilimia 56, karibu sawa na kubahatisha. "Haya" iliyoandikwa WhatsApp inaweza kuwa ridhaa au hasira. Jambo likiwa zito, piga simu.

Dhana: Kuuliza wazi ni utovu wa adabu

Kinachokosa adabu ni kumlazimisha mtu akatae mbele za watu. Mvute pembeni, kisha mfungulie mwenyewe mlango wa kukataa: "Mjomba, kama mwezi huu hali ni ngumu niambie tu, nitafute kwingine, na wala sitavunjika moyo." Anayeweza atakwambia ungoje hadi tarehe fulani. Asiyeweza atapumua, akushukuru, na jibu lako utalipata siku hiyohiyo.