Mbegu ya mvengi haisubiri

Mara ya kwanza kuotesha mivengi, miti yetu ya asili inayopenda kandokando ya maji, nilifanya kama tulivyozoea kufanya na mahindi. Niliokota matunda chini ya mti, nikayaanika juani siku kadhaa, kisha nikaziweka mbegu kwenye mfuko hadi viriba, vile vifuko vya kuoteshea miche, vilipokuwa tayari. Haikuota hata moja. Bibi mmoja wa kijijini hapa Mufindi, mkoani Iringa, Tanzania, alinikuta nimeinama kitaluni nafukua viriba. Tulipomaliza kamwene zetu, yaani salamu za huku, akachukua mbegu moja na kuipasua kwa ukucha. Ndani ilikuwa kavu, imesinyaa.

"Mwanangu, hii imekufa zamani. Mvengi ni mti wa maji, na wewe unauanika?"

Tangu siku hiyo somo langu la kitalu huanzia hapo. Mbegu ya mahindi, maharage, hata ya msindano (paini), ikikaushwa vizuri hulala ikingoja mvua. Ya mvengi hailali. Maji yaliyomo ndani yakipungua, kiini hufa. Okota tunda lililoiva likiwa bado laini, lifikiche kwenye ndoo ya maji hadi nyama yote itoke, na uipande mbegu siku hiyo hiyo au kesho yake. Kiriba kiwe na udongo wa msituni, samadi iliyooza na mchanga kidogo, kisha kitalu ukitilie kivuli cha nyasi.

Naamini hii ni sababu mojawapo ya miti yetu ya asili kutoonekana siku za kugawa miche. Mbegu za mikaratusi na misindano husafirishwa na kuhifadhiwa bila shida. Mvengi lazima uoteshwe karibu na mama yake.

Siwaambii wakulima wang'oe mikaratusi yote. Imesomesha watoto wengi huku, nami naiheshimu. Ninachopinga ni kuipanda bondeni, kwenye chemchemi, maana inakua haraka na kunywa maji mengi. Ipande kule mlimani, na bonde uliachie mvengi.

Shida kubwa ni vinyungu, yaani bustani za bondeni tunazolima kiangazi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka mtoni. Ukitamka mkutanini, ni namba tu. Ndiyo maana huwa nabeba kamba. Mwaka mmoja tuliivuta na mama mmoja kutoka ukingo wa kijito, tukapita maharage yake, tukapita viazi, tukatokea kwenye migomba nyuma ya jiko. Shamba likigusa mto kwa mita 100 tu, ukanda huo unameza karibu ekari moja na nusu. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akauliza, "Kiangazi tutakula nini?"

Swali lake ni la haki, na elimu ya mazingira inayolikwepa haina maana kwa mkulima. Tulianza na jicho la chemchemi peke yake, kwa sababu likikauka hata kinyungu hakipo. Tulipanda mivengi mvua zilipoanza, miche ikiwa imefika magotini.

Kilichotutesa baadaye ni ng'ombe. Kuanzia Julai majani mabichi yako bondeni tu, na ng'ombe mmoja akiingia asubuhi moja anamaliza kazi ya mwaka mzima. Sasa kila mche tunauzungushia matawi ya miiba siku ile ile ya kuupanda, na mama yule ndiye anayekagua, kila anaposhuka kuchota maji.